Mgeni Mwenye Mabawa

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za kitabu kimoja cha hadithi kilichoingia nyumbani kwetu, kikatusaidia kulisema jambo ambalo kwa muda mrefu hatukuwa na maneno ya kulisema. Kitabu hicho chaitwa Skellig. Aliyekiandika ni Mwingereza, David Almond, nacho kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Mwaka huo huo kilichaguliwa kupewa tuzo ya Whitbread ya vitabu vya watoto, tena kilipata nishani ya Carnegie, ambayo wakutubi wa Uingereza humpa mwandishi wa kitabu bora cha vijana. Kimeandikwa kwa ajili ya vijana, lakini sisi tulio wazee wa nyumba tumekisoma mara mbili, na mara ya pili tulikisoma polepole kuliko ya kwanza.

Twajua wako wazazi wanaouliza, Je, hadithi za kubuniwa zina faida gani kwa mtoto? Na wengine huuliza zaidi, hasa wanaposikia kwamba katika hadithi hiyo yumo mtu mwenye mabawa, Je, mambo ya ajabu si mambo matakatifu? Yafaa kuchezewa na mtunga hadithi? Maswali haya ni mema, wala hatuyadharau. Tutayajibu kwa kuieleza hadithi yenyewe kwanza, maana si haki kukihukumu kitabu kabla ya kukisikiliza.

Kijana mmoja, jina lake Michael, amehamia nyumba mpya pamoja na baba yake na mama yake. Nyumba hiyo ni mpya kwao tu. Kwa kweli ni kuukuu mno. Mzee mmoja aliishi humo peke yake hata akafa, na karibu juma zima lilipita kabla ya watu kujua kwamba amekufa. Bustani imejaa magugu na takataka, na mwisho wa bustani liko banda la motokaa lililooza, ambalo lataka kuanguka wakati wo wote. Kijana amekatazwa kuingia humo. Wazazi hawana nafasi ya kutengeneza bustani wala banda, kwa sababu mama amezaa mtoto wa kike kabla ya miezi yake kutimia, na mtoto ni mgonjwa. Daktari aja na kwenda. Nyumba nzima imenyamaza, kila mtu asikiliza kama mtoto bado apumua. Hata jina hajapewa.

Katika siku hizo Michael akaingia bandani kwa siri. Nyuma ya masanduku ya majani ya chai akamkuta mtu ameketi, amejiegemeza ukutani, mavazi yake meusi, uso wake mweupe kama chokaa, amefunikwa na vumbi na utando wa buibui na mainzi wafu. Kijana alidhani ni maiti. Lakini yule mtu akafumbua macho akasema naye, tena kwa ukali. Hakubariki mtu wala hakuleta habari njema. Alitaka aspirini, kwa kuwa viungo vyake vyamwuma kwa baridi yabisi. Kisha akataka chakula cha Kichina, akikitaja kwa nambari zake kama zilivyo katika orodha ya dukani, 27 na 53. Na bia ya kunywa. Hula mainzi na buibui. Pumzi yake yanuka. Huyu ndiye Skellig.

Jirani yao yuko msichana, Mina, asiyekwenda shuleni, maana mama yake humfundisha nyumbani. Msichana huyu hujua sana habari za ndege, tena hupenda mashairi na picha za William Blake, yule Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1757 akafa mwaka 1827, ambaye husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto aliuona mti mmoja pale Peckham Rye, London, umejaa malaika. Michael akamfunulia Mina siri yake. Wakasaidiana kumtoa mgonjwa wao bandani wakati wa usiku, wakampeleka katika nyumba tupu ya babu yake Mina, na darini mwa nyumba hiyo wakaa bundi. Alipovuliwa koti, watoto wakaona kwamba mgongoni ana mabawa.

Huku mtoto mchanga amezidiwa. Amepelekwa hospitalini, amewekwa katika sanduku la kioo, mipira na nyaya zimeunganishwa na mwili wake mdogo, na waganga wasema hapana budi moyo wake upasuliwe. Usiku mmoja mama akiwa kando ya mtoto aliona, wala hajui kama alikuwa macho au usingizini, mtu wa ajabu, mchafu, mwenye nywele za kutatizana, ameingia chumbani. Mama hakuogopa. Yule mtu akamwinua mtoto mikononi, wakatazamana, wakazunguka pamoja kama watu wachezao ngoma, na mama akaona kwamba mtoto naye ana mabawa. Kisha akamlaza, akaenda zake. Mtoto alipasuliwa akapona. Akarudishwa nyumbani, na siku hiyo ndipo alipopewa jina. Aliitwa Joy, yaani Furaha.

Hiyo ndiyo hadithi kwa ufupi.

Hadithi za namna hii zina jina katika elimu ya vitabu. Mwaka 1925 Mjerumani mmoja, Franz Roh, aliandika habari za wachoraji wa siku zake ambao walichora vitu vya kila siku, meza na dirisha na nyumba, kwa namna ya kuvifanya vionekane kama vina siri ndani yake. Akakiita kipaji hicho kwa neno ambalo kwa lugha yetu twaweza kulieleza kuwa uhalisi wenye ajabu. Mwaka 1949 Alejo Carpentier wa Cuba akaandika kwamba katika nchi za kwao Marekani ya Kusini na visiwa vyake, maajabu hayahitaji kutungwa, maana yamo katika historia na maisha ya watu wenyewe. Baadaye waandishi wengi wakaifuata njia hiyo. Wataalamu wa Kiswahili huiita uhalisiajabu, na mwandishi wetu Euphrase Kezilahabi wa Tanzania ametajwa sana katika habari hizo kwa ajili ya vitabu vyake Nagona, cha mwaka 1990, na Mzingile, cha mwaka 1991.

Tofauti ya hadithi hizi na ngano zetu za zamani ni hii. Katika ngano sungura husema na simba, na hapana anayestaajabu, kwa kuwa nchi yote ni nchi ya ngano. Katika hadithi za uhalisiajabu nchi ni hii hii tunayokaa: kuna basi la shule, kuna rangi ya ukuta isiyokauka, kuna baba aliyechoka akirudi hospitalini usiku. Ndani ya nchi hiyo jambo moja la ajabu laingia, nalo halifukuzi mengine. Rangi bado haijakauka. Baba bado amechoka. Na yule wa ajabu mwenyewe ataka aspirini.

Wasomaji wengine watakumbuka hadithi fupi ya Gabriel García Márquez wa Colombia, ya mwaka 1968, ya mzee mwenye mabawa makubwa sana. Nayo pia ina mtoto mgonjwa. Mume na mke wamkuta mzee mwenye mabawa ameanguka matopeni uani mwao baada ya mvua nyingi. Wamfungia katika banda la kuku. Padre aja kumpima, aona shaka kwa sababu mzee hajui Kilatini. Watu wamiminika kutoka pande zote, na wenye nyumba wapata shauri la kutoza senti tano kwa kila atakaye kumwona. Kwa fedha hizo wajenga nyumba ya ghorofa mbili. Mtoto wao amepona, lakini hawamwulizi mgeni jina lake, wala hawamshukuru. Na siku aliporuka kwenda zake mke alishusha pumzi, akaona udhia umemwondokea.

Ukiziweka hadithi hizi mbili pamoja utaona jambo. Kwa García Márquez watu wazima waliyaona mabawa kwanza, wakafanya biashara. Kwa Almond mtoto aliona mtu mwenye maumivu kwanza, akaleta dawa. Habari za mabawa zilikuja nyuma. Michael hakujua kwamba anamhudumia wa ajabu. Alijua tu kwamba yuko mtu nyuma ya masanduku, tena ana baridi. Kama angalikuwa ni mlevi wa barabarani asiye na bawa hata moja, aspirini ile ile ingalifika mkononi mwake. Katika kurasa zote za kitabu hatukuona fundisho kubwa kuliko hilo, wala mwandishi hakulisema kwa maneno. Amelitenda tu, akatuachia sisi kuliona.

Tena tulipendezwa kwamba kitabu hiki hakidharau elimu. Wengine hudhani ya kuwa mtu akipenda maajabu hana budi kuwadharau waganga na walimu. Katika kitabu hiki ni kinyume. Michael akiwa hospitalini amwuliza mganga mkubwa namna ya kutibu baridi yabisi, naye aambiwa habari za mafuta ya ini la samaki. Basi ayanunua, ampelekea mgonjwa wake. Mina humfundisha kwamba mifupa ya ndege ina uwazi ndani yake, imejaa hewa, na kwa hiyo ndege ni mwepesi hata aweza kuruka. Humweleza habari za Archaeopteryx, yule ndege wa kale mwenye meno na mkia wa mfupa, ambaye mawe yenye umbo lake yalichimbuliwa Ujerumani, na kutangazwa ulimwenguni mwaka 1861. Na mtoto wa Furaha hakuponywa na mabawa bila kisu cha mganga. Alipasuliwa na watu waliosoma miaka mingi, katika chumba chenye taa kali. Mwandishi hakusema ni nani aliyemponya. Ameyaweka yote mawili, mkono wa mganga na mkono wa mgeni, kando ya kitanda kimoja.

Kuna neno moja ambalo watoto wetu walilipenda mno. Michael alimwuliza mama yake, Je, makombe ya mabega, ile mifupa miwili mipana ya mgongoni, ni ya kazi gani? Mama akamwambia kwamba watu husema ndipo palipokuwa na mabawa, na ndipo yatakapoota tena. Tangu siku tuliyosoma habari hiyo, watoto wetu wakioga hupapasana migongo.

Na habari za bundi pia zilitupa mazungumzo. Ninyi mwajua kwetu bundi ni ndege wa namna gani. Akilia juu ya paa, mama mzee huondoka kitandani akamfukuze, kwa kuwa watu husema amekuja kuita mtu. Katika kitabu hiki bundi ndio wamletao Skellig chakula, kama wanavyowaletea makinda yao. Mtoto wetu wa kiume hakupenda kusikia. Alisema, “Kitabu hiki kimekosea, bundi hawezi kufanya wema.” Tukamwambia kwamba bundi hula panya wanaokula mahindi yetu, na kwamba hajui kabisa kuwa twamwogopa.

Sasa tuwaeleze sababu ya kitabu hiki kutugusa zaidi ya vitabu vingine.

Miaka sita iliyopita sisi nasi tulipata mtoto wa kike kabla ya miezi yake kutimia. Alizaliwa mwezi wa saba. Alikuwa mdogo hata kofia ya mwanasesere ingalimfaa. Wauguzi walimweka katika sanduku la kioo lenye joto, nao walifanya kazi kwa upole na kwa bidii usiku na mchana; hatuna neno juu yao ila shukrani. Jina tulimpa usiku ule ule, kwa kuwa tuliona si vema mtu akae duniani hata siku moja bila kuitwa. Tulisali. Jamaa zetu walisali. Wengine walifunga. Akaishi siku tisa. Siku ya kumi asubuhi tukarudi nyumbani na shuka.

Watu walikuja, kama ilivyo desturi. Wengi walikaa kimya pamoja nasi, na hao hatutawasahau. Lakini mgeni mmoja, aliyeheshimiwa na watu, alituambia kwamba mtoto angalipona kama nyumba yetu ingalikuwa na imani ya kutosha. Alisema kwa sauti ya upole, akanywa chai yake, akaaga. Neno lile halikuondoka naye. Lilibaki katika nyumba kama moshi unavyobaki katika nguo. Mama wa mtoto alilichukua, baba wa mtoto alilichukua, kila mtu peke yake, wala hatukulitaja kati yetu. Hatukujua kwamba binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa nyuma ya mlango, naye amelisikia.

Basi mwaka jana kitabu hiki kilitufikia, zawadi ya ndugu yetu mmoja aliye mwalimu. Tulikuwa tukikisoma jioni baada ya chakula, tukifasiri kwa Kiswahili kadiri tulivyosoma, sura moja au mbili kila siku, maana sura zake ni fupi. Watoto walikaa mkekani. Tulipofika pale mama alipoona mgeni akimwinua mtoto wake, na tulipofika pale mtoto alipopona, hatukuweza kuendelea, tukafunga kitabu. Wadogo walikuwa wamefurahi. Lakini binti yetu mkubwa, ambaye sasa ana miaka kumi na mitatu, hakufurahi. Akasema, “Mama, mbona huyu mtu hakuja kwetu?” Na kabla hajajibiwa akasema tena, “Ni kwa sababu ya imani yetu ilikuwa ndogo?”

Hapo ndipo tulipojua kwamba mtoto amelichukua lile neno miaka yote hiyo.

Wasomaji wetu, mtu aweza kusema kwamba hii ndiyo hatari ya vitabu vya namna hiyo, kwamba huamsha mambo yaliyolala. Sisi twasema kwamba jambo lile halikulala. Lilikuwa macho kifuani mwa mtoto, wala hapana aliyelijua. Kitabu kililipa mlango wa kutokea.

Tulimjibu kwa kurudi katika kitabu chenyewe. Tulimwuliza, “Mwanangu, tazama, ni nani katika hadithi hii aliyekuwa na imani kubwa?” Akafikiri. Baba wa Michael alikuwa na hofu, tena mara nyingine alikuwa na hasira. Mama alilia. Michael mwenyewe alitoroka shule, akagombana na rafiki zake. Hapana aliyepimwa imani yake kama mtu apimavyo nguo dukani. Mgeni hakuitwa kwa ustahili wao. Tukamwambia, “Basi kama hakuja kwa ustahili wao, hakukosa kuja kwa kukosa ustahili wetu.” Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Basi yule mgeni wa siku ile alisema uongo.” Tukamwambia kwamba alisema neno asilolijua.

Jambo la pili tulilomwonyesha ni hili. Kuelekea mwisho Skellig, akiwa amepata nguvu tena, aonana na watoto mara ya mwisho, na Michael amtajia habari za mtoto mchanga. Skellig hajisifu kwamba amemponya. Jibu lake ni kwamba mtoto yule ndiye aliyempa yeye nguvu. Tulimwomba binti yetu alisome tena jibu hilo. Mtenda maajabu asema kwamba amepokea! Na mtoa ni mtoto asiye na jina, asiyeweza hata kuinua kichwa chake.

Twajua sisi kwamba jambo hilo ni kweli, hata pasipo mabawa. Mtoto wetu katika siku zake tisa alitupa kitu. Alimshika baba yake kidole, naye baba tangu siku ile hapiti mbele ya mtoto wa mtu aliaye asisimame. Jirani yetu, ambaye hatukuwa tukisalimiana naye vema kwa ajili ya mpaka wa shamba, alikuja kila asubuhi na sufuria ya uji, akaiacha mlangoni bila kusema neno. Na hata leo twasalimiana. Hatusemi kwamba mambo haya yatosha kuwa badala ya mtoto. Hakuna kitu kilicho badala ya mtoto. Twasema tu kwamba yalitokea, na kwamba yeye ndiye aliyeyaleta.

Jambo la tatu hatukulijua siku ile. Tulilipata baadaye tulipotafuta habari za mwandishi. David Almond alizaliwa mwaka 1951, akalelewa Felling, mji mdogo karibu na Newcastle, upande wa kaskazini wa Uingereza, katika jamaa ya Kikatoliki yenye watoto wengi. Alikuwa na dada mdogo, jina lake Barbara. Barbara alikufa angali mchanga. Baba yake naye alikufa Almond alipokuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake aliteswa na baridi yabisi. Habari za utoto wake ameziandika katika kitabu kiitwacho Counting Stars, kilichotolewa mwaka 2000, lakini hadithi zake alikuwa amezitunga kabla ya Skellig. Naye amesimulia kwamba siku alipokwisha kuzitia hadithi hizo katika posta, alipokuwa akitembea njiani, ndipo hadithi ya Skellig ilipomjia akilini.

Tuliposoma habari hizi tulikaa kimya, kisha tukamwita binti yetu, tukamsomea. Maana yake ni kwamba aliyeandika habari za mtoto aliyepona alikuwa ndugu wa mtoto asiyepona. Hakuandika kama mtu asiyejua. Alijua nyumba ile ya pili, yenye kitanda kitupu, kama sisi tunavyoijua, naye kwa miaka mingi aliichukua. Kisha akatunga nyumba ambamo mtoto anarudi. Baridi yabisi ya mama yake aliiweka katika mifupa ya yule mwenye mabawa, akampelekea aspirini. Binti yetu akasema, “Kumbe ni zawadi kwa dada yake.” Hatukuongeza neno.

Hata jina la kitabu lina maana. Karibu na pwani ya Ireland, upande wa kusini-magharibi, viko visiwa viwili vya mawe vinavyoitwa Skellig. Kilicho kikubwa chaitwa Skellig Michael, kwa jina la Malaika Mkuu Mikaeli. Ni mwamba ulioinuka baharini zaidi ya mita 200, na juu yake walikaa watawa zamani, katika vibanda vya mawe vyenye umbo la mzinga wa nyuki, ambavyo vingali vimesimama. Ngazi za mawe za kupanda huko ni kama 600. Mwaka 1996 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Basi jina la mwamba mmoja limegawanywa kati ya wawili: mzee mgonjwa bandani aitwa Skellig, na kijana aliyemletea dawa aitwa Michael. Atakaye kujua ni nani kati yao aliye malaika, na aliwaze hilo.

Tangu kilipotolewa, kitabu hiki kimeenda mbali. Kimechezwa katika tamthilia, kimeimbwa katika opera mwaka 2008, kimetengenezwa filamu mwaka 2009. Mwaka 2010 mwandishi wake alipewa tuzo ya Hans Christian Andersen, ambayo ni heshima kubwa mno kwa waandishi wa watoto ulimwenguni. Tena mwaka huo alitoa kitabu kingine, My Name is Mina, kueleza habari za yule msichana jirani kabla hajaonana na Michael. Twayataja haya ili msomaji atakayekitafuta ajue kwamba hatafuti kitu kilichopotea.

Na yule aliyeuliza kama maajabu yafaa kuchezewa na mtunga hadithi, twamjibu hivi: Almond hakuyachezea. Hakumfanya mwenye mabawa awe mzuri wa kupendeza macho, mwenye kanzu nyeupe na nywele za dhahabu. Alimweka mahali pa uchafu, mgonjwa, mkali, mwenye njaa, ambapo wengi wetu tungalipita. Wala hakutuambia mwisho wa shauri kwamba yeye ni nani. Alipoulizwa, Skellig alijibu kwa namna ya kuonyesha kwamba ndani yake mna mtu na mnyama na ndege na malaika pamoja. Kitabu kinachomfundisha mtoto kutazama mara ya pili nyuma ya masanduku yenye vumbi hakimharibu.

Shauri letu kwa wazazi ni hili. Kama mna watoto wa miaka kumi na zaidi, kisomeni pamoja nao, msiwaachie peke yao, wala msikisome kwa haraka. Mkifika penye hospitali, angalieni nyuso zao. Na kama katika nyumba yenu yuko aliyekufa akiwa mdogo, mtajeni kwa jina lake siku hiyo. Watoto waliobaki husikia mengi nyuma ya milango, nao hungoja miaka mtu awaulize. Na ninyi mnaokwenda kuwatazama wafiwa, chukueni uji, chukueni kuni, kaeni mkekani. Maneno juu ya imani ya nyumba ya watu yaacheni nje pamoja na viatu.